Pindua Baiskeli Kwanza

Karakana, nyuma ya soko
12 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, karakana nzima, na mafuta ya cheni bado hayatoki kwenye kucha zangu, kwa hiyo ukiona madoa kwenye karatasi hii usianze kunikaripia kabla hujafika mwisho.

Nina habari. Mwezi uliopita baiskeli kumi na moja ziliibwa hapa mtaani. Tisa kati ya hizo nilizitengeneza mimi kwa mikono yangu, hivyo najiona kama mzazi aliyeibiwa watoto. Basi Jumatatu akaja Koplo, yule mama wa kituo cha polisi anayeshughulika na mambo ya mitaa. Nilipomwona nikaanza kujiuliza nimekosa nini. Kumbe amekuja na mashine ndogo ya kuchora chuma. Inashikwa kama kalamu na inalia kama mbu mwenye hasira. Anataka kila baiskeli ya mtaa huu ichorwe namba, chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita, mahali ambapo mtu haoni mpaka aigeuze juu chini. Namba inaandikwa kwenye daftari la kituo pamoja na jina la mwenyewe, na mwenyewe anapewa kadi. Yeye atazungumza na watu, mimi nitachora.

Jumamosi tukafanya mkutano wa kwanza kwenye uwanja wa shule. Wa kwanza kuleta baiskeli alikuwa Mzee Mkate Moto. Sijakusimulia habari zake: ni mzee anayepita nyumba kwa nyumba kila asubuhi akiuza mikate, na sauti yake ndiyo saa ya mtaa mzima. Baiskeli yake ni ya kijani, na keria yake niliipanua mimi mwenyewe kwa vyuma viwili vya kuchomelea ili ibebe kreti mbili. Koplo akasema tuanzie namba 441, watu wasijue kwamba ndiyo kwanza tunaanza. Nikachora. Na nne yangu unaijua, ile uliyonichapia rula vidoleni nilipokuwa darasa la pili. Bado imeachama juu kama mdomo wa kifaranga.

Watu wakapiga makofi, nami nikalewa sifa. Nikapanda juu ya kiti nikawatangazia: baiskeli yenye namba haiibiwi. Koplo akanitazama kwa jicho la pembeni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Niambie habari za wagonjwa wako na za miguu yako.

Mdogo wako,
Spoku


Nyumba za wauguzi
5 Agosti

Spoku mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nina wagonjwa kumi na wanne wasioweza kutoka majumbani mwao, na hadi mwezi uliopita nilikuwa nawafuata kwa miguu, huyu leo, yule keshokutwa, jioni nikirudi nyayo zinawaka moto.

Nasema hadi mwezi uliopita kwa sababu dada yako amenunua baiskeli. Naam, mimi. Niliiona kwenye gulio, imesimama peke yake kwenye ukuta kama inanisubiri. Nyeusi, imepakwa rangi kwa haraka na mtu asiyejua kazi, lakini fremu ni ngumu na keria ni pana, sanduku langu la dawa linakaa bila kuyumba. Muuzaji alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na furaha, tukamalizana hapo hapo. Karatasi hakuwa nayo. Breki zilikuwa jina tu, nimeweka mpya, na tairi la nyuma pia.

Wewe hujui imenifanyia nini. Kuna bibi mmoja ana kidonda mguuni kwa mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa nakisafisha mara mbili kwa wiki, na kila nikifika nakikuta kimerudi nyuma. Sasa nakisafisha kila siku. Juzi nimekipima kwa rula, kimepungua upana wa kidole. Bibi alinishika mkono akasema, "Sista, Mungu akubariki wewe na farasi wako mweusi." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikuona haya.

Namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe uliyenifundisha kuendesha nikiwa mtu mzima, ukikimbia nyuma yangu umeshika kiti na kunitukana kwa adabu.

Habari za Mzee wako wa mikate na namba zenu?

Dada yako


Karakana
19 Agosti

Dada,

Shikamoo, na hongera nyingi. Nilisoma barua yako kwa sauti hapa karakana, na wateja wawili wamekutumia salamu bila kukujua.

Kwetu mambo si mazuri. Siku ya nne baada ya ule mkutano, baiskeli ya Mzee Mkate Moto iliibwa. Namba 441, Dada. Ya kwanza kabisa. Ilisimama nje ya nyumba ya mteja, Mzee akaingia kupokea hela yake, akatoka akakuta ukuta mtupu. Anaapa aliifunga kwa kufuli.

Tangu siku ile haachi kuja kwenye mikutano yetu. Anakaa mbele, anamsikiliza Koplo mpaka mwisho, halafu anasimama polepole na kuniuliza, "Fundi, ulisema baiskeli yenye namba inafanywaje?" Watu wanacheka na kwenda zao. Wiki iliyopita tulichora baiskeli mbili tu, na moja ilikuwa ya Koplo mwenyewe.

Wala siwezi kumkasirikia. Ana miaka sitini na tisa. Mikate anabeba kichwani kwenye kapu, magoti yanamsumbua, na nyumba za ng'ambo ya daraja ameziacha kabisa, hawezi kuzifikia. Sauti yake asubuhi haisikiki tena kama zamani kwa sababu anapumua kwa shida. Mdomo wangu ndio ulioniponza.

Sasa nisikilize. Wewe umenunua baiskeli gulioni, bila karatasi, kwa mtu mwenye haraka. Dada yangu, mtu mwenye akili kama zako. Leo hii ipindue, magurudumu juu, ufute matope pale ekseli ya pedali inapopita, na utazame. Miji mingine nayo imeanza kuchora. Kama pako safi, mpelekee fundi wa huko akuchoree namba yako. Kama kuna kitu, niambie.

Spoku


Nyumba za wauguzi
2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana kwa maneno ya watu. Mtaa ukishapata cha kuchekea hauachi mpaka upate kingine.

Kazi ni nyingi. Kidonda cha bibi kinaendelea kupungua, kimebaki kama sarafu. Baiskeli haina shida. Hilo la kuipindua nitalifanya nikipata nafasi.

Nilikuwa na swali moja, la udadisi tu. Hiyo namba mnayochora, mtu akitaka kuifuta anaweza? Kwa msasa, kwa mfano. Na inabaki alama?

Na huyo Mzee, hana watoto wa kumsaidia? Hawezi kupata baiskeli nyingine?

Ule vizuri. Uliponiandikia nilisikia kama umekonda.

Dada yako


Karakana
16 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijakonda, ndivyo nilivyoumbwa, jina hukunipa bure.

Swali lako nimelipata. Ndiyo, namba inafutika. Msasa mkali na robo saa vinatosha. Inabaki kovu, pale chuma kinang'aa kuliko pengine, lakini ukipaka rangi nani atajua? Mwenye macho ya fundi tu. Sijui zaidi ya hapo.

Mzee anaendelea. Mtoto wake wa pekee yuko mbali. Kuhusu baiskeli nyingine sijui, lakini usimfikirie sana, amezoea kutembea. Mradi wetu nao tutaona utakavyokwenda. Mambo haya huchukua muda.

Nimefurahi sana kusikia kidonda cha bibi kimebaki kama sarafu. Nimefurahi kweli. Endelea na kazi yako, Dada. Watu kumi na wanne ni wengi.

Mimi sina neno.

Mdogo wako,
Spoku


Nyumba za wauguzi
21 Oktoba

Mdogo wangu,

Tafuta kiti ukae kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako ya Agosti niliisoma uani saa kumi jioni, baiskeli ikiwa mbele yangu. Nikaipindua hapo hapo. Nikafuta matope kwa kitambaa cha kidonda. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na rangi ya kijani, na juu ya kijani kulikuwa na namba 441, na nne zote mbili zimeachama.

Hata kama usingeniambia namba ningeujua mkono. Nilikaa nawe meza moja mwaka mzima kukufunza nne, nikashindwa. Nikakaa chini pale uani nikaitazama, na neno la kwanza lililonijia halikuwa "maskini Mzee". Nilisema, "Hakuna aliyeona."

Kesho yake nilinunua msasa. Nakwambia yote ili usije kusikia nusu. Nilianzia kulia, kwenye ile moja ya mwisho. Nikasugua kidogo. Halafu nikafika kwenye nne, na mkono ukakataa. Nilikuchapa vidole kwa ajili ya hiyo nne, Spoku, na wewe ukalia, na usiku ukaja kulala kwenye mkeka wangu kwa sababu mama hakuwepo tena wa kumlilia. Ndiyo leo niifute mimi? Nikatupa msasa. Lakini baiskeli sikuirudisha.

Nilijipa sababu. Nilisema, kidonda cha bibi kikifunga tu. Watu wengine wanaiba kwa tamaa, mimi nilikuwa na kidonda cha mtu. Na kila siku nilipopanda nilikuwa namwona Mzee wako anapanda daraja na kapu kichwani. Wewe umeniandikia kwamba amezoea. Mtu wa miaka sitini na tisa hazoei, anavumilia. Mimi ni muuguzi, natofautisha.

Alhamisi kidonda kilifunga. Ngozi nzima, laini, bibi akalia. Ijumaa asubuhi nikapewa mgonjwa mpya, mzee aliyepooza upande mmoja, anakaa mbali kuliko wote. Nikajisikia nikisema moyoni, basi, mpaka huyu naye apone. Hapo nikashtuka. Watu hawataisha kuumwa. Nikajua kwamba nisipoirudisha wiki hii sitairudisha maisha yangu yote, na nitakufa nikiwa na sababu nzuri.

Sisi tunawaambia wagonjwa kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi nimejiumbua mwenyewe. Nilikwenda kituo cha polisi cha hapa nikaeleza yote, na sura ya muuzaji, na siku. Wameandika. Muuzaji hayupo tena gulioni, na sasa kila mtu pale anasema alikuwa anamshuku tangu zamani. Afisa akaniuliza, "Sista, bei ile haikukushtua?" Ilinishtua, Spoku. Nilijua kwamba si bei ya kweli, nikaiita bahati.

Baiskeli inakuja kwa lori la mbao, Jumanne, dereva ni mkwe wa mgonjwa wangu. Barua ya Mzee imo ndani ya hii, mpe mkononi. Na ukiona aibu kuwa mdogo wangu kwa muda, sitakulaumu.

Dada yako


Nyumba za wauguzi
21 Oktoba

Kwa Mzee Mkate Moto,

Shikamoo Mzee. Hunijui. Mimi ni dada wa fundi Spoku, ni muuguzi, nawatembelea wagonjwa majumbani kwao.

Baiskeli yako nimekaa nayo tangu Julai. Niliinunua bila kuuliza ilikotoka, kwa kuwa sikutaka kujua. Na tangu mwezi wa nane nimejua ni yako, na nikaendelea kuipanda. Sehemu ya kwanza naweza kuiita ujinga. Ya pili haina jina lingine.

Ukiigeuza utaona mkwaruzo kwenye namba ya mwisho. Ni mkono wangu, si wa mwizi.

Naomba umlaumu dada mtu, usimlaumu fundi. Yeye alikuchorea namba, na namba hiyo ndiyo iliyonizuia. Bila hiyo ningeendelea kukuibia na kulala vizuri.

Kuna bibi hapa ametembea wiki hii bila bandeji kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Ametembea kwa sababu ya baiskeli yako, nawe hukujua. Sikwambii ili unisamehe. Nakwambia kwa sababu shukrani zake ni zako, na mimi nilikuwa nimezipokea kwa niaba yako bila ruhusa.

Mwanao,
Sista


Ng'ambo ya pili ya soko
9 Novemba

Kwa Sista,

Marahaba mwanangu. Barua hii anaiandika jirani yangu, mimi nasema naye anaandika, na nimemkataza kupamba.

Baiskeli imefika. Nimeizunguka mara tatu kama ng'ombe wa kununua. Breki zinashika. Miaka sita nilikuwa naisimamisha kwa kiatu, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba ataninunulia viatu vya mguu wa kulia tu. Tairi la nyuma jipya. Kengele inalia. Nilimwambia Spoku, hii si baiskeli yangu, yangu ilikuwa mbovu. Akaipindua akanionyesha namba.

Jumamosi nilikwenda kwenye mkutano wao. Watu walikuja wengi, walikuja kunisikia nikimuuliza fundi swali langu. Nikasimama polepole, nikaona wameshaanza kutabasamu. Nikaiinua baiskeli nikaiweka magurudumu juu, mbele yao. Nikawaomba waje mmoja mmoja watazame. Nikawaambia, hii imekwenda mji mwingine, imepakwa rangi, imeuzwa, imefanya kazi kwa watu, na imerudi nyumbani kwa sababu ya mikwaruzo hii mitatu. Nikawaambia na barua yako. Jina sikulitaja.

Sasa na mimi nina la kwangu, maana umenitangulia kusema kweli na sitaki kubaki nyuma. Siku ile sikuifunga. Kufuli nilikuwa nalo, Spoku alinipa bure, lakini lilikuwa limening'inia kwenye keria kwa urembo. Niliingia kwa mteja kuchukua hela, nikapewa chai, nikakaa, nikasimulia mambo ya ujana wangu. Nilipotoka na kukuta ukuta mtupu, nikasema niliifunga. Nikishasema mara moja, ikabidi niseme kila Jumamosi. Miezi mitano nimemchoma kijana wa watu kwa uongo wangu, na yeye alikuwa anainamisha kichwa tu.

Hilo nalo nililisema pale pale mbele ya watu. Kapu la mikate lilikuwa jepesi kuliko maneno yale.

Kwa hiyo mimi na wewe tumelingana. Usiniombe tena msamaha, nitakosa wa kumwomba mimi.

Asubuhi hii nimevuka daraja. Wale wa ng'ambo walitoka nje wote, wengine na nguo za kulalia. Ahsante mwanangu. Ahsante kwa breki. Nakutumia mikate sita kwa dereva wa mbao, na akila mmoja njiani msamehe.

Mzee Mkate Moto


Karakana
10 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Jumamosi tulichora baiskeli sitini na tatu. Mashine ilipata moto mpaka Koplo akaamuru ipumzike kama mtu, na foleni ikasubiri. Mkono wangu hauwezi kushika kikombe.

Tumebadilisha na maneno. Sisemi tena kwamba yenye namba haiibiwi. Koplo sasa anawaambia: kabla hujanunua, pindua kwanza. Anasema muda wote tulikuwa tunaongea na walioibiwa na kuwaogopesha wezi, tukawasahau wanaonunua, na mwizi bila mnunuzi ana mzigo tu. Kila mtu anayechorewa sasa anafundishwa kupindua baiskeli ya jirani. Wazee wanapinduliana baiskeli barabarani wakisalimiana. Mwezi ujao Koplo alitakiwa airudishe mashine makao makuu kwa kukosa watu. Nilikuficha hilo. Sasa ameambiwa akae nayo.

Na nimekuficha jingine kubwa zaidi.

Nilijua, Dada. Barua yako ya Septemba nilipoisoma, nilipofika kwenye neno msasa nikaacha kusoma. Wewe hujawahi kuniuliza kitu cha udadisi tu maisha yako yote. Nikatoa barua ya Agosti nikasoma tena: keria pana, rangi ya haraka. Nikatoka nje nikakaa juu ya matairi.

Ningeweza kukuandikia siku ile. Ningeweza kumwambia Koplo. Jumamosi tano nilisimama mbele ya Mzee akinisimanga nikijua baiskeli iko wapi, na nikanyamaza. Nilikudanganya kwamba amezoea. Nilikuambia hata kwamba rangi inaficha kovu. Nilisema moyoni, akitaka kuifuta na aifute, mradi ukafa na ufe, lakini si mimi nitakayemnyang'anya kitu mtu aliyejinyima usingizi wake akanipa mimi. Usinisifu. Sikuwa na hekima, niliogopa. Niliogopa kukushika ukiwa umekosea, maana sijawahi, na sikujua mtu anafanya nini baada ya hapo.

Halafu lori la mbao likaja. Dereva alipoishusha baiskeli nilishindwa hata kumsaidia. Nililia mbele ya wateja, na waliona, na sijali. Ahsante kwa kutoifuta, Dada. Nasema ahsante nikijua sasa unatembea kwa miguu.

Aibu yangu nyingine: kinyozi hajinyoi, na fundi wa baiskeli ana dada anayetembea. Nimepata fremu nzuri, ina karatasi yake na sahihi ya mwenyewe. Itachukua hadi mwaka mpya. Usianze kuniharakisha.

Mdogo wako,
Spoku


Nyumba za wauguzi
28 Novemba

Spoku wangu,

Marahaba. Mikate ilifika minne. Tuligawana na bibi wa kidonda, amekuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe, polepole, akisimama kila kona kuwaonyesha watu mguu.

Sitakudanganya, kutembea ni kugumu. Wagonjwa wanne nimerudi kuwaona mara mbili kwa wiki, na mmoja nimemfundisha mkwe wake kubadilisha bandeji. Anafanya vizuri, ila anaongea mno. Yule mzee aliyepooza namfikia kwa saa nzima na dakika kumi. Najua ni mbali, lakini naingia kwake nikiwa sina ninachokificha mgongoni.

Koplo wako ameandikia kituo cha hapa. Jumatano tulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa zahanati, wakaniomba niwaambie watu kuhusu kuchora namba. Nikasema sijui kuchora, ninachojua ni kununua. Nikawaambia kwamba mimi, Sista wao, nilipanda baiskeli ya wizi tangu Julai, na kwa miezi miwili nilijua. Nikaona nimepoteza heshima ya miaka kumi na tisa kwa dakika moja. Halafu mama mmoja nyuma akasimama akashika baiskeli yake kwa usukani, akaigeuza, akainama kutazama. Na wa pembeni yake akageuza yake. Ndani ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa magurudumu juu, na watu wameinama wanafuta matope kwa vidole. Baiskeli tatu zilikutwa na makovu ya msasa. Wenyewe walizipeleka kituoni mchana ule ule, na hakuna aliyewacheka.

Sasa nikujibu lile lako. Nililisoma mara nyingi.

Nilikasirika kwanza. Unaniacha nimwibie Mzee, unaacha akusimange, wewe na ubishi wako wote? Ningekuwa karibu ningekuchapa, na rula ninayo. Halafu nikafikiri kama ungeniandikia siku ile ya Septemba. Ningeirudisha, ndiyo. Ningeirudisha kwa sababu nimekamatwa. Ningekuwa mwizi aliyeshikwa na mdogo wake, basi, na pale uwanjani nisingeweza kufungua mdomo.

Unasema uliogopa. Sawa, uliogopa, nakujua. Lakini Jumamosi tano ulisimama ukachekwa, na kila Jumamosi ulikuwa na neno moja la kukutoa pale, na hukulisema. Mimi nilikulea, nikadhani kazi hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Ahsante, Spoku. Ahsante kwa kuningoja.

Dada yako